Somo Yangu wa Munyaka

Mimi naitwa Yahya. Jina hili nilipewa na marehemu baba siku ya saba, siku ya akika. Kwa hivyo nilipohamia mtaa wa Munyaka, Eldoret, kikazi, nilichukia jirani yangu, mzee wa Kikuyu, aliponiita John.

"Mzee, mimi si John. Mimi ni Muislamu," nilimjibu kwa ukali.

Akacheka. "Basi sisi ni wajina. Yahya wenu ndiye Yohana wetu."

Nilipotulia nikaona kwamba hakukosea. Nabii Yahya, mwana wa Zakaria, anayetajwa katika Sura Maryam, ndiye Wakristo wanayemwita Yohana Mbatizaji. Jina lao latokana na Kiebrania, Yohanan, yaani Mungu amerehemu. Waingereza wakalifupisha likawa John. Kwa Wafaransa ni Jean, kwa Warusi ni Ivan. Letu la Yahya, wanazuoni wengi hulihusisha na uhai.

Waingereza wamelitumia jina hili kwa mengi. John Bull ni Uingereza yenyewe. John Doe, katika mahakama za Marekani, ni mtu asiyejulikana jina. Hapa Kenya, Mzee Kenyatta alipobatizwa mwaka 1914 alitaka kuitwa John na Peter. Wamisionari wakamruhusu jina moja tu. Akajiita Johnstone, kwani Peter maana yake ni jiwe, na jiwe kwa Kiingereza ni "stone".

Lakini yako matumizi mengine ambayo sikuyajua. Siku moja nilimwuliza mzee mbona halitumii jina la babu yake, alilorithi kwa desturi ya kwao. Akanyamaza kidogo.

"Januari 2008, baada ya uchaguzi," akasema, "vijana walifunga barabara hapa Eldoret, wakauliza watu majina. Jina la babu lataja kabila langu. John halina kabila. Nililitamka hilo, la babu nikalimeza. Nikapita."

Sikuwa na la kujibu. Munyaka kwa Kikikuyu maana yake ni bahati, na mzee yule aliipata siku hiyo kwa jina ambalo mimi nililiona tusi.

Ndugu msomaji, jina zuri ni haki ya mtoto, nami wanangu nitawaita majina yetu. Lakini siku hizi mzee akiniita John huitika, nami humwita somo.