Milima ya Ngong kwenye Rafu ya Vitabu

Ukipita Dagoretti Corner kwa Barabara ya Ngong, vumbi la mbao hukupokea kabla ya mafundi wenyewe. Vitanda na makochi ambayo bado hayajavikwa kitambaa hupangwa kando ya lami. Mimi sikutaka kitanda. Nilitaka mbao mbili za kuegemezea vitabu, maana rafu yangu kila wiki hulalia upande mmoja kama matatu iliyojaa kupita kiasi.

Nilikuwa nimeanzia mjini, katika Soko la Jiji, Barabara ya Muindi Mbingu. Viegemeo havikukosekana: vichwa vya ndovu, twiga wawili wawili, morani waliosimama wima. Ni kazi safi ya mikono, ya ufundi ambao Mutisya Munge wa Wamunyu aliurudisha Ukambani kutoka Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini mimi naishi magharibi mwa jiji. Ndovu simwoni dirishani. Ninachokiona asubuhi isiyo na ukungu ni Milima ya Ngong, imekaa kama ngumi iliyokunjwa. Tena wale twiga walikuwa wepesi mno. Vitabu vinane vya jalada gumu vingewasukuma hadi sakafuni.

Ndipo nikaja Dagoretti Corner, na fundi mmoja alinisikiliza huku penseli ikiwa sikioni. "Unataka stopa za vitabu," akasema, kisha akachora kwenye kipande cha plaiwudi mgongo wa milima wenye vilele vinne. Nikamwambia wanaopanda kule husema ni saba.

"Ukiwa juu yake utahesabu saba, bosi. Mimi nachonga ile ninayoiona kutoka hapa."

Sikuwa na jibu. Akagawanya mchoro katikati, vilele viwili kushoto na viwili kulia, vitabu vikae pale kati. Ukiviondoa na kusogeza vipande pamoja, mlima unaungana. Hapo ndipo nilipojua nimepata fundi.

Mbao ilikuwa mabaki ya mvule kutoka meza ya mteja mwingine. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, hadi katazo hilo lilipoondolewa mwaka 2023, mafundi walijifunza kutotupa hata kipande cha shibiri moja. Mvule ni mzito, na kwa kazi hii uzito ndio nusu ya ufundi. Ila ni mkaidi: nyuzi zake zimepishana, na randa ikienda kinyume huchanika. Fundi aliacha randa, akashika tupa, halafu msasa, akifuata miteremko polepole. Mistari ya mti ikabaki ikishuka toka kileleni kama vijia vya ng'ombe. Mwanzoni rangi ilikuwa ya manjano. Sasa, baada ya miezi kadhaa ya mwanga wa dirishani, imekuwa hudhurungi, kama Ngong yenyewe wakati wa kiangazi.

Tulibishana mara moja tu. Aliichonga milima ikawa mirefu kuliko ilivyo. Kilele halisi hakizidi sana mita 2,460, na kwa kuwa Nairobi yenyewe iko juu, ukiwa jijini huoni ajabu. Akanieleza kwamba akiifanya mifupi kama ilivyo, kitabu kirefu kitapinda shingo na kuanguka. Nikakubali uongo huo.

"Na feni niweke?" akauliza, akimaanisha mitambo ya umeme wa upepo. Ile ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993, na leo kampuni ya umeme ya KenGen huzalisha huko hadi megawati 25.5. Nikakataa. Feni za vijiti zingevunjika siku ya kwanza ya kupanguswa vumbi.

Kilichobaki ni kile ambacho wachongaji wengi husahau. Chini ya kila kipande fundi alipigilia bati jembamba la chuma, likachomoza kama ulimi upande wa vitabu. Vitabu vinasimama juu ya ulimi huo, na uzito wao wenyewe ndio unaokikaza kiegemeo kisiteleze.

Kwa hiyo ukienda kuagiza vyako, chagua mlima wowote unaoupenda, lakini usilipe kabla ya kukigeuza kipande na kuliona hilo bati.