Wajina Wawili, Anwani Moja

Mwaka 1980, Uzi Nissan, mzaliwa wa Jerusalem aliyehamia Marekani, alianza kazi ya kutengeneza magari ya kigeni North Carolina. Biashara yake aliipa jina la ukoo wake, kama wafanyavyo mafundi wengi duniani. Ni jina la kale kuliko gari lolote, kwa maana Nisani ni mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, ule inamoangukia Pasaka. Siku hizo magari ya kampuni ya Nissan ya Japani yaliuzwa Marekani kwa jina la Datsun. Kampuni hiyo nayo ilikuwa imelipata jina lake kihalali, kwa kufupisha maneno Nihon Sangyo.

Uswahilini, watu wenye jina moja ni wajina. Wakikutana huchekeana, na mara nyingi huanza urafiki. Hata sheria ya alama za biashara inawavumilia, kwa kuwa alama hulindwa kwa aina fulani ya bidhaa na katika nchi fulani. Muuza sabuni na muuza matairi wanaweza kutumia neno lilelile, mradi mnunuzi asichanganyikiwe.

Intaneti haina uvumilivu huo. Anwani ya nissan.com ni moja tu kwa dunia nzima, na kanuni ya kuigawa tangu mwanzo ilikuwa anayewahi ndiye anayepata. Tarehe 4 Juni 1994, Uzi Nissan aliwahi. Wakati huo alikuwa na kampuni ya kompyuta iliyosajiliwa tangu 1991, yenye jina lilelile la ukoo.

Desemba 1999 kampuni ya magari ilimshtaki na kudai dola milioni 10.

Haki inataka isemwe kwamba naye alikuwa na kosa. Mwaka huo tovuti yake ilikuwa imebeba matangazo yanayohusu magari, na mtu aliyekuwa akitafuta gari angeweza kupotea njia. Mahakama ilimkataza matangazo hayo, jambo lililokuwa sahihi kabisa. Lakini mwaka 2002 ilimkataza pia kuweka kwenye tovuti maneno ya kuikosoa kampuni hiyo. Mahakama ya rufaa iliifuta amri hiyo mwaka 2004 kwa sababu ilivunja uhuru wa kusema. Kesi ilivutana miaka mingine kabla ya kumalizika, na anwani ikabaki kwake.

Hata hivyo, kampuni hazikuanza bila sababu kuwaogopa waliosajili majina yao. Mwaka 1995, Dennis Toeppen wa Illinois alisajili panavision.com, akaweka picha za mji wa Pana zilizopigwa kutoka angani, kisha akaitaka kampuni ya Panavision imlipe dola 13,000 kama inaitaka anwani. Alikuwa amesajili majina ya kampuni nyingine nyingi. Huyo hakuwa wajina wa mtu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwenzake akisubiri kulipwa ili anyanyuke. Alishindwa katika mahakama ya rufaa mwaka 1998.

Ni kwa ajili ya watu wa aina hiyo ndipo shirika la ICANN, linalosimamia majina ya intaneti, lilipopitisha mwaka 1999 utaratibu wa kutatua migogoro nje ya mahakama. Mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba anwani inafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyenayo hana haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba aliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Uzito wote uko kwenye sharti hilo la tatu. Likilegezwa, alama kubwa itammeza kila wajina aliyetangulia kwa uaminifu, na neno la kawaida la lugha litageuka mali ya mwenye mawakili wengi.

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwenye duka wa Iringa au Mombasa aliyesajili anwani ya .com amekubali utaratibu huohuo, hata kama hakuusoma mkataba. Akilalamikiwa ana siku 20 za kujibu, na kwa kawaida kesi huendeshwa kwa lugha ya mkataba wa usajili, ambayo mara nyingi ni Kiingereza. Akinyamaza, shauri litaamuliwa bila sauti yake. Kampuni kubwa hulipa ada ya kufungua shauri bila kuumia; kwake yeye, kumpata wakili tu ni mtihani. Kanuni inayowachukulia hawa wawili kuwa sawa inahitaji waamuzi wanaouliza kwa makini nani alitangulia, na alikuja kwa nia gani.

Uzi Nissan alifariki mwaka 2020 kwa UVIKO-19. Miaka yote aliyoishikilia anwani yake, kampuni ya magari iliwapokea wateja wake wa Marekani kwenye anwani nyingine, kama nissanusa.com, na magari yake yaliendelea kununuliwa.