Sare ya Wakili na Afisa

Wengi wetu tukisikia sare hudhani ni mchezo uliokosa mwenyewe: wawili wamechoka, wamepeana mikono, wameondoka. Lakini ipo sare moja ya sataranji, ndugu msomaji, iliyochezwa mjini Vienna, Austria, mwaka 1872, ambayo wapenzi wa mchezo huo hadi leo huiita Sare Isiyokufa.

Waliokaa mezani walikuwa na kazi zao nyingine. Carl Hamppe alikuwa afisa wa serikali, na Philipp Meitner wakili. (Huyu wakili ndiye baba wa Lise Meitner, mwanamke aliyekuja kuwa bingwa wa fizikia, wakati huo alikuwa bado hajazaliwa.)

Hamppe alishika kete nyeupe. Hatua ya tatu tu, Meitner akamtoa ndovu wake, ambaye Wazungu humwita askofu, aliwe, ili mfalme mweupe atoke nyumbani. Hatua ya tisa akamtoa malkia. Malkia, kete yenye nguvu kushinda zote! Mfalme akamla, akamla na farasi, huku akivutwa hadi safu ya sita, ndani kabisa ya milki ya adui, ilhali desturi ya mfalme ni kukaa nyuma ya askari wake.

Hapo Meitner akamweka ndovu wake wa mwisho ubavuni mwa mfalme, bila mlinzi. Kumla kulikuwa kwepesi kama kuokota embe chini ya mwembe. Hamppe hakumla. Aliona kuwa akimla, mfalme mweusi atapiga hatua moja mbele, njia ya ngome zake mbili ifunguke, na mweupe asiwe na pa kukimbilia. Akarudi nyuma nyumba moja. Ndovu akamfuata kwa tishio jingine, safari hii akiwa na mlinzi. Na kurudi nyuma zaidi kulikuwa mauti. Ikambidi arejee palepale. Meitner naye hakuweza kuacha kutishia, kwani kete zake kubwa nne zilikwisha kuliwa. Akipumzika tu, ameshindwa. Hatua ya 18 wakaishia hapo.

Juzi niliupanga mchezo huu mbele ya binti yangu, nikamwachia nafasi ya Hamppe. Akamla ndovu papo hapo. Nilipomwonyesha ngome, alinyamaza kitambo, akazirudisha kete mahali pake, akaniambia, "Baba, tuanze tena."