Ujiji niliifuata miembe, nikakuta njia

Ilikuwa mwaka 1998. Nilishuka MV Liemba kwenye gati la Kigoma nikitokea Kasanga, miguu bado inayumba. Treni ya Dar ilikuwa jioni. Wenzangu wakakimbilia Katonga kutafuta migebuka kwa wavuvi. Mimi mjuaji nikadandia daladala ya Ujiji, eti nikauone mwembe wa Stanley na Livingstone.

Jamani, mwembe wenyewe wa 1871 ulishakufa zamani! Nikakuta mnara wa mawe na miembe inayosemekana ni watoto wake. Hata ziwa limerudi nyuma, mpaka uonyeshwe kwamba ufuko ulikuwa hapa. Nikaanza kuijutia migebuka.

Mzee mmoja wa mtaani akaniona nimenuna.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kumtazama Mzungu? Na njia uliyoikanyaga je?"

Nikageuka. Kumbe ndiyo njia ya misafara! Watu walivushwa ziwa kutoka Kongo, wakauzwa hapo Ujiji, kisha wengine wakatembezwa na pembe za ndovu kichwani hadi pwani, Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 tu. Mimi nilishaanza kulalamikia daraja la tatu kwa siku mbili. Wao miezi, tena kwa minyororo.

Nikabaki pale, saa nikaisahau. Stesheni nilifika mbio, honi inalia. Migebuka? Walishaimaliza.