Ardhi kabla na baada ya operesheni: riwaya za ng'ambo ya Kisorya

Wengi tuliotoka Mara tukaja Ulaya, tukikutana na riwaya za Wafaransa za karne ya 19, huruka kurasa za mandhari ili tufike kwenye ugomvi. Kumbe ugomvi wenyewe umo humo. Katika La Terre (1887) ya Émile Zola, mzee Fouan anawagawia wanawe mashamba angali hai, nao wanamgeuka. Uwanda wa ngano wa Beauce haukuwekwa pale kwa urembo. Ndio unaogombewa, huku ngano ya Marekani ikishusha bei.

Kwetu, kitabu cha kukilinganisha na hicho kiko ng'ambo ya kivuko cha Kisorya, Bunda. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ili maisha ya wazee yasipotee. Yeye hatazami shamba kwa mbali. Anataka ujue nani analima, nini kinapandwa, na ndizi zinavyogeuzwa kuwa pombe ya kupelekwa kwa wakwe. Msomaji aliyekulia mjini atachoka, nami simlaumu. Aliyeshika jembe Bunda atajiona nyumbani. Kitereza alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Miaka ya 1990 kikatoka kwa Kifaransa.

Lakini Kitereza aliandika ya zamani. Kuvunjwa kwa mashamba yale utakukuta kwa mwana mwingine wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na operesheni ya kuwahamisha watu iishe kufikia mwisho wa 1976. Miji ya familia iliyotawanyika, kila mmoja na mashamba yake kando, ikahamishwa na kupangwa kwa mistari. Gamba la Nyoka (1979) inawafuata wasomi wawili, Mambosasa na Mamboleo, katikati ya vurugu hiyo, na wanakijiji wanaokataa kuhama. Zola alihitaji urithi na soko ili kubadili mashamba. Kezilahabi alikuwa na dola iliyofika na magari. Kwangu mimi, hapo ndipo riwaya yetu inakuwa kali kuliko ya Mfaransa.

Anza na Gamba la Nyoka, ndipo urudi kwa Kitereza. Na ukipiga simu Butiama au Musoma vijijini, waulize wazee mji wao ulikuwa wapi kabla ya operesheni, na nani analima pale sasa.