Muuguzi Aliyeruhusiwa Kumzuia Daktari

Mwanzoni mwa mwaka 2001, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Sorrel King alikuwa akimwuguza bintiye Josie, mtoto wa miezi 18 aliyeungua kwa maji ya moto bafuni. Alikwisha kutolewa katika wadi ya mahututi, na nyumbani walikuwa wakimngoja. Mama akaiona kiu yake: kila alipooshwa, Josie alikifyonza kitambaa kilicholowa. Akawaambia wauguzi, wakamtuliza. Kisha ikaletwa dawa kali ya maumivu iliyokuwa imekatazwa. Mama akapinga, akajibiwa kuwa agizo limebadilika. Josie alifariki mwezi Februari.

Hospitali ilikiri kosa. Sehemu ya fidia, wazazi waliirudisha humo humo igharimie usalama wa watoto wengine.

Mwaka huo huo Dkt. Peter Pronovost, wa hospitali hiyo, alikuwa akipambana na maambukizi yaletwayo na mrija utiwao katika mshipa mkubwa wa mgonjwa mahututi. Akaandika mambo matano katika karatasi: kunawa mikono, kuisafisha ngozi kwa klorheksidini, kumfunika mgonjwa mwili mzima, na daktari avae barakoa, kofia, joho na glovu, kuepuka mshipa wa kinena, na kuuondoa mrija usiohitajika tena. Hayo kila daktari aliyajua. Lililokuwa jipya ni ruhusa ya muuguzi kumsimamisha daktari arukaye hatua, huku wakuu wa hospitali wakimwunga mkono. Ajuaye heshima ya vyeo wodini, huko na hapa kwetu, ataelewa uzito wa jambo hilo. Wafanyakazi waliulizwa pia: mgonjwa ajaye atadhurika vipi katika wadi hii? Swali halikumtafuta wa kulaumiwa, na ndiyo maana watu walilijibu.

Kuanzia mwaka 2003 utaratibu huo ulienezwa jimboni Michigan, katika wadi za mahututi zaidi ya 100. Katika muda wa miezi mitatu tu, nusu ya wadi hizo au zaidi hazikuwa na maambukizi hata moja ya aina hiyo.

Kwetu Pwani, jamaa humwona mgonjwa mahututi kwa saa maalumu tu. Hata hivyo, saa hiyo yatosha kumwuliza muuguzi kwa upole, baada ya salamu: “Samahani, mrija huu bado wahitajika?” Ndilo jambo la tano katika karatasi ile.