Nani Mtunzi? Shinikizo la Nyuma ya Pazia katika Msuko wa Filamu ya Alien 3

Uhakiki wa fasihi umezoea kuihusisha kazi moja na mtunzi mmoja. Mazoea hayo hutatizika mhakiki anapoigeukia filamu mwendelezo, ambayo msuko wake hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia mtazamaji. Makala haya yanalifafanua tatizo hilo kwa kuichunguza Alien 3 (1992), filamu ya bunilizi ya kisayansi iliyotolewa na studio ya Marekani ya 20th Century Fox baada ya Alien (1979) ya Ridley Scott na Aliens (1986) ya James Cameron.

Muswada mmojawapo wa mwanzo uliandikwa na mwanariwaya William Gibson. Humo Ripley, mhusika mkuu anayeigizwa na Sigourney Weaver, amepoteza fahamu kwa sehemu kubwa ya hadithi, na matukio yanabebwa na Hicks na Bishop. Muswada huo uliwekwa kando, na wa Eric Red vilevile. David Twohy akabuni sayari ya wafungwa. Vincent Ward akaleta watawa waishio katika sayari ya mbao. Ward alipoondoka, ujenzi wa mandhari ulikuwa umekwisha kula fedha. Kazi ikakabidhiwa David Fincher, ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu ndefu, na upigaji picha ukaanza ilhali muswada haujakamilika.

Athari za historia hiyo zinaonekana katika matini yenyewe. Katika muswada wa mwisho, uliotiwa saini na watayarishaji Walter Hill na David Giler pamoja na Larry Ferguson, gereza la Twohy linakutana na dini ya watawa wa Ward: wafungwa ni waumini. Hicks na mtoto Newt wanafariki mwanzoni kabisa, na kwa hiyo dhamira ya umama iliyojengwa katika Aliens inakatizwa. Mhakiki anayeusoma ucha Mungu wa wafungwa kama ishara tupu hakosei, lakini anaiona nusu tu ya jambo. Ishara hiyo pia ni masalia ya mpango ulioachwa.

Utata hauishii hapo. Fincher aliondoka kabla ya uhariri kukamilika. Mwaka 2003 likatolewa toleo lenye takriban nusu saa zaidi, lililoandaliwa bila yeye kushiriki. Katika toleo la 1992 kiumbe anazaliwa kutoka kwa mbwa. Katika la 2003, kutoka kwa ng'ombe dume.

Kwa hiyo, mtafiti anayeihakiki filamu ya aina hii hana budi kutaja ni toleo lipi analolichambua, kisha atenganishe uamuzi wa kisanaa na ule uliolazimishwa na fedha au muda. Kumbebesha mwongozaji dhamira zote ni kumsifu kwa asichokibuni na kumlaumu kwa asichokiamua. Hata hivyo, shinikizo halimfuti mtunzi. Humpa mipaka ambayo ndani yake bado anachagua. Uchaguzi huo ndio unaostahili kuhakikiwa.